Ubao wa Ndege za Nusu

Mwezi uliopita tulimzika Injinia Yustina, na mtu aliyepewa kipaza sauti amsifu alikuwa Bwana Lukindo. Amezeeka, anatembea kwa kushikwa mkono, lakini sauti yake ni ile ile, laini, ya mtu anayezungumza na wagonjwa. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya mradi wa ndege. Alisema kule China tuliishi kama watoto wa tumbo moja, na kwamba hakuna hatua ya mradi ule ambayo marehemu hakuipima mwenyewe na kuiridhia. Watu walitikisa vichwa kama wanavyotikisa msibani, na mpwa wa marehemu aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Mjomba, hizo ndege zenyewe ziko wapi?" Nilitoka nikapita nyuma ya turubai, walikokuwa wakipakua wali, nikaona mafuta yanavyong'aa pembeni mwa sinia, nikaelekea barabarani. Nilirudi nyumbani sijala kitu. Mke wangu alidhani ni majonzi, akaniacha. Majonzi yalikuwepo, lakini kilichonizuia kula ni kinyaa, na kinyaa hicho nakijua vizuri kwa sababu kilinianza mwaka mmoja nilioishi Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kijana nisiyeweza kumtazama mtu usoni.

Niliishia darasa la saba, na naandika polepole hadi leo. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri na ndio ulionipeleka China. Nilikuwa nikiandika mabango ya maduka na majina ya malori, na siku moja Bwana Lukindo alinikuta juu ya ngazi nikimalizia neno "Vipodozi". Alisimama juani mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nina pasipoti. Serikali ilikuwa imeagiza ndege ndogo nyingi kwa mkupuo, za kunyunyizia dawa ya nzige na kubeba wagonjwa, kutoka kiwanda kimoja cha upande wa Huangpu, na yeye alikuwa amepewa kuongoza ofisi ya kusimamia mkataba huo huko huko Guangzhou. Kompyuta ilikuwepo, lakini yeye alitaka ubao mkubwa wa ukutani. Alisema wakubwa wakija hawasomi karatasi, wanatazama ukuta. Hivyo nikawa mtu wa serikali, mwenye makopo manne ya rangi na brashi zangu, kazi yangu kuandika ndege zimefikia wapi.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga, ghorofa ya tano, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Zhanqian ambako wenzetu wa Dar na Unguja walikuwa wameanza kuja kununua nguo kwa jumla. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi. Ubao ulichukua ukuta mzima, na mbele yake kulikuwa na meza ya kioo na makochi ya ngozi ya bandia yaliyokuwa yakinata mapajani wakati wa joto. Bwana Lukindo alikuwa na chumba chenye dirisha. Injinia Yustina alilala upande wa pili wa ubao, katika chumba kilichotengwa na sebule kwa mbao nyembamba, kiasi kwamba nikiandika kwa nguvu alisikia. Mimi nililala karibu na jiko pamoja na makopo yangu, na sitasahau harufu ya asubuhi ya pale, tapentaini na mvuke wa wali na unyevu wa nguo ambazo hazikauki. Ukifungua mlango wa mbele unakutana na marobota ya jinzi mpaka darini, na sauti ya utepe wa gundi ukivutwa na kukatwa, ukivutwa na kukatwa, na watu wakibishana bei hadi uchovu na kumalizia na "mei you", hakuna, neno la kwanza la Kichina nililolijua kwa sababu ndilo nililoambiwa mara nyingi zaidi.

Mlango wa mkabala alikaa Bi Mwanaidi, mama wa Kiunguja aliyesafirisha kanga za bandia na viatu vya watoto, na ambaye ofisi ilimlipa atupikie. Alikuwa akiingia bila kubisha, sufuria mkononi, na kuuliza, "Laoban wako keshaamka?" Laoban ni bosi, ndivyo wenye maduka walivyoitwa, na alivyolitamka mbele ya Bwana Lukindo lilikuwa heshima, na alivyolitamka jikoni lilikuwa kitu kingine. "Mtu analala mpaka jua linachoma, halafu yuasimamia ndege," aliniambia. "Kula, mwanangu. Wewe wakonda kama uzi."

Injinia Yustina alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba ya kiatu, na alikuwa akila amesimama. Ndiye aliyejua kazi. Alikuwa amesomea kupima miradi, yaani kujua fedha iliyotoka na muda uliopita vimezaa nini, na mimi mtu wa darasa la saba alinifundisha jambo hilo asubuhi moja akishika kikombe cha chai.

"Hamisi, nimekupa fedha unijengee nyumba. Umetumia nusu. Nyumba imefika wapi?"

"Nusu, dada."

"Nani kakwambia? Pengine umekula."

Nikacheka kwa aibu. Yeye hakucheka.

"Fedha iliyotoka ni mstari mmoja, tutaupaka bluu. Muda tuliopanga ni mstari mwingine, mwekundu. Wa tatu ni kazi iliyofanyika, kijani. Bluu utaletewa na benki. Mwekundu utaletewa na kalenda. Kijani hakuna wa kukuletea, lazima uende ukaishike kazi kwa mkono. Siku utakapoona kijani imebaki nyuma na bluu imetangulia, ujue watu wako wanaibiwa, hata kama kila mtu anatabasamu."

Tulikuwa na kanuni moja ya kuhesabu hiyo kijani, na aliiandika yeye. Kazi ikianza inahesabiwa nusu. Ikimalizika inahesabiwa nzima. Katikati hapaulizwi kitu, kwa sababu fundi ukimuuliza amefika wapi atakwambia yuko karibu kumaliza, leo na kesho na mwezi ujao. Kanuni hiyo ni nzuri, alinieleza, mradi kazi ziwe ndogo ndogo: ubavu mmoja wa ndege, bomba moja la mafuta, waya za bawa la kushoto. Kazi ya siku chache ikihesabiwa nusu kimakosa, kosa lenyewe ni dogo na litajirekebisha. Hivyo alizigawa ndege zote katika kazi ndogo, mamia ya mistari, na mimi nikapanda ngazi nikaanza kuiandika kwa herufi nyembamba. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa natoa ulimi kidogo nikiandika, na saa zilikuwa zinapita sizioni.

Yustina akaenda Huangpu bandarini, ambako makasha ya injini yalikuwa yamekwama kwa mawakala wa forodha, akakaa huko siku kadhaa. Ndipo Bwana Lukindo alipotoka chumbani kwake na chai mbili, moja yangu.

"Mgongo unakuuma, mwanangu."

"Hauumi, mzee."

"Unauma. Nakuona unavyojinyoosha." Alirudi nyuma akautazama ubao kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama shamba la jirani. Nilikuwa nimefika ndege ya tatu tu. "Hebu niambie, mkubwa akija, mtu mzima, mwenye macho ya uzee, atasoma hivi vidudu vyote? Hapana. Na wewe unaandika polepole, tutakumaliza bure. Futa hivyo. Andika ndege ya kwanza, ndege ya pili, mpaka mwisho. Kila ndege mstari mmoja, herufi kubwa, nzuri. Mkono wako ni wa herufi kubwa."

Nikafuta. Yeye akaandika barua kiwandani kwamba kuanzia sasa ndege moja ni kazi moja, kanuni nyingine zote zikibaki vile vile, na kabla ya chakula cha mchana faksi ikajibu kwamba kiwanda kimekubali kwa furaha. Yustina aliporudi, mikono yake ina grisi ya makasha, alisimama mlangoni hata viatu hajavua.

"Nani kafuta?"

"Mzee amesema naandika polepole."

Alinitazama kidogo, akaingia chumbani kwa Bwana Lukindo, na sikusikia maneno yake. Nilisikia ya mwenzake tu, yale laini. "Tumemhurumia kijana, Injinia. Wewe huna huruma?" Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimeona wizi wa kila namna, wa kuvunja mlango na wa kughushi, lakini bado sijaona kitu kinachonichefua kama kile, mtu kuchukua udhaifu wa mwenzake akaufanya blanketi la kufunikia. Na alikuwa mwema kwangu. Baridi ilipoingia alininunulia sweta. Nililivaa, lilikuwa na joto, na kila nilipolivaa nilihisi kama nimevishwa kitu kilicholowa.

Kiwandani walielewa upesi. Ndani ya mwezi mmoja na ushei walizianza ndege zote. Walipanga farasi za mbao, vile viegemeo vya maseremala, katika ukumbi mkubwa wenye paa la bati, mstari baada ya mstari, na juu ya kila farasi wakalaza ubavu mmoja wa aluminiamu, wakaufunga utepe mwekundu wenye namba ya ndege. Kila kundi likianzwa, tuliitwa. Bwana Lukindo alikata utepe kwa mkasi ulioletwa juu ya sahani, picha ikapigwa, na mbavu zile zikabaki palepale zikikusanya vumbi, kama mifupa ya samaki iliyosahauliwa mezani. Kisha tukala. Kila mwanzo ulikuwa na chakula chake, katika chumba cha ghorofani chenye zulia jekundu na meza ya mviringo yenye kioo kinachozunguka, na juu ya kioo kile walipita bata bukini wa kuoka aliyekatwakatwa, samaki mzima aliyeelekezwa kichwa kwa mgeni, kamba wekundu, supu ya nyoka. Bwana Lukindo aliomba dua ndefu. Alimshukuru Mungu kwa hatua tuliyofikia. Halafu alichokonoa nyama ya shavu la samaki kwa vijiti, kwa ustadi, akaifyonza. Mimi nilikuwa na chapati na yai la Bi Mwanaidi ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu sikujua kipi pale kina nguruwe, na nilikuwa nakula nimeinamisha kichwa. Nilisikia tu midomo. Hata leo, nikiwa katika hoteli na watu wanakula kwa kujisikia, huwa nautafuta mlango.

Aliyetukaribisha ni mpangaji wa kazi wa kiwanda, Bwana Fang, mzee mkavu aliyefanya kazi Afrika Mashariki ujanani na aliyezungumza Kiswahili kisicho na adabu wala ubaya. "Hamisi, kula. Chapati hapana chakula." Yustina, ambaye hata pale alikula kidogo na kwa haraka, alimuuliza siku moja kupitia mvuke wa sahani, "Mzee Fang, mmezianza zote. Mtamaliza ipi?"

"Dada, kuanza, nakwenda mbele nusu. Rahisi sana. Kumaliza, taabu nyingi. Injini bado bandarini, fundi kidogo." Akamwongezea chai. "Mimi nafuata kanuni yenu. Kanuni nzuri sana."

Hakuwa anaficha. Alisema kama mtu anayekwambia kesho kutanyesha. Sikuwahi kumchukia Fang. Alitufanyia kile tulichomwandikia afanye. Nikirudi mjini nilipanda ngazi na kupaka kijani nusu ya mstari, ndege baada ya ndege, na ubao ukapendeza. Ulikuwa umenyooka toka juu hadi chini kama nguo iliyokatwa na fundi hodari.

Sasa, mkataba ulisema kazi ikifika nusu, malipo makubwa yanatoka. Nilijua maana yake jikoni, nikiosha brashi, Injinia akimkatia Bi Mwanaidi vitunguu.

"Hiyo ikitoka hatuna tena cha kuwashikia," alisema Yustina. "Kitakachobaki ni kidogo mno, hakuna mtu atakayehangaika kumaliza ndege kwa ajili yake. Zitabaki mbavu."

"Na sahihi ya kuitoa ya nani?"

"Yangu. Ya mpimaji."

"Basi usitie."

"Nisipotia watanirudisha, na nikirudi sitapewa tena kazi ya kupima hata kisima."

"Urudi. Kwenu hakuna watu?" Bi Mwanaidi akapuliza jiko. "Mimi ningekuwa na sahihi ya serikali ningemtia nayo laoban yule kidole cha jicho."

Kisha Bwana Lukindo mwenyewe akaingia kutafuta chumvi. Alisimama kati yetu, mwili wake wote mkubwa ukitoa harufu ya sabuni ya maua, akasema chakula kinanukia vizuri, akatoka. Jioni ile nilikuwa sebuleni nikisafisha pembe za ubao, na upande wa pili wa mbao alimfuata Yustina chumbani, akaketi pengine kitandani, nikasikia springi.

"Kanuni uliandika wewe, Injinia."

"Niliandika kwa kazi ndogo."

"Lakini uliandika. Nusu ikianza. Mimi sijaongeza neno."

"Ubavu kulazwa juu ya mbao siyo ndege kuanza, mzee. Unajua hivyo."

"Najua mambo mengi, dada yangu. Najua mgeni wa wizarani anakuja, na najua akirudi mikono mitupu atauliza nani amemkwamisha. Sitaki awe wewe. Nakuombea usiku." Springi zikalia tena. "Fikiri watu watakaopona kwa ndege hizi."

Laiti angemtishia kama wanaume wengine. Alimbembeleza kwa wagonjwa.

Asubuhi yake Yustina aliniomba nimwandikie mstari mmoja chini ya yote. Alitaka herufi kubwa kuliko zote za ubao, nyeusi: NDEGE ZINAZOWEZA KURUKA. Na mbele yake kisanduku kirefu cheupe, kisicho na rangi hata tone. "Karatasi wanaikunja, Hamisi," alisema. "Ukuta hawawezi kuukunja. Mtu akisimama mbele ya hiki, akisome kwa macho yake, hatakuwa na la kusema." Aliamini hivyo. Nilitumia siku mbili kwa maneno yale, na sijawahi kuandika vizuri zaidi, na moyoni nilikuwa nimejaa, maana nilifikiri herufi zangu ndizo zitakazowazuia. Bwana Lukindo alipita, akasoma, na sikumwona hata akikunja uso. "Vizuri," alisema. "Hilo ndilo lengo letu sote."

Mgeni akaja. Alikuwa mtu wa cheo kikubwa wizarani, mnene kiasi, mpole, aliyevaa suti mpya ambayo lebo ya mkononi haijatolewa. Tulipangwa mbele ya makochi. Bi Mwanaidi aliweka sambusa mezani akabaki mlangoni amejifunga kanga, hataki kukosa. Mgeni alisimama mbele ya ubao mikono nyuma, akaanza juu, akateremka polepole mpaka mstari wa mwisho, na huo akausoma kwa sauti. "Ndege zinazoweza kuruka." Niliona mkono wa Yustina umeshika kamba ya miwani.

"Nani kaandika hapa?"

"Kijana wetu huyu, Mheshimiwa," alisema Bwana Lukindo, akanisukuma bega mbele kidogo.

"Mwandiko wa namna hii siku hizi huuoni." Alinishika mkono, wake ulikuwa wa baridi na laini. "Umesoma wapi? Siku hizi watoto wanatoka vyuo vikuu wanaandika kama kuku kaparua."

"Mheshimiwa," akasema Yustina, "mstari huo wa mwisho ni mtupu."

"Nimeuona, Injinia. Umeandikwa vizuri sana." Akageuka kwa mpiga picha, akatuita sote tusogee, na Yustina akawekwa katikati. Mlangoni Bi Mwanaidi alitoa sauti kwa pua, akarudi kwake.

Kiwandani mchana walikuwa wameunga mbavu chache zikawa kiunzi cha ndege, wakakifunga mabawa kwa nyaya na kukipaka rangi nyeupe. Puani, pasipo na injini, walining'iniza kitambaa chekundu. Winchi ikakiinua. Kiunzi kikapanda mpaka karibu na taa za dari, kikaanza kuzunguka chenyewe polepole, kitambaa kikiyumba, na ukumbi mzima ukapiga makofi, mgeni wetu akiwa wa kwanza. Kisha tukala. Baina ya bata bukini na samaki, Bwana Lukindo alitoa ile karatasi ya malipo, akayafuta makombo yaliyokuwa mezani kabla ya kuilaza, akamwekea Yustina kalamu juu yake.

"Sitatia," alisema Yustina. Hakupandisha sauti. "Hakuna ndege pale."

Mgeni aliendelea kunyonya mfupa, akautoa mdomoni, akautazama, akauweka pembeni mwa sahani. Kioo kilizunguka. Fang akamwongezea kila mtu chai. "Injinia amechoka," alisema Bwana Lukindo, "ni joto," na karatasi ikarudi mfukoni. Hakuna zaidi ya hapo. Tukiwa ndani ya gari kurudi mjini, nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilitaka kumwambia dada kwamba ameshinda. Yeye alikuwa amelaza paji la uso kwenye kioo, macho wazi.

Asubuhi nilimkuta Bwana Lukindo sebuleni na fulana ya ndani, akinywa chai ya maziwa ya kopo, akichovya mkate. Juu ya meza ya kioo palikuwa na tiketi ya ndege yenye jina la Yustina. Ilikuwa ya kwenda tu.

"Hamisi, chukua kijani."

"Niipake wapi, mzee?"

"Mstari wa mwisho. Nusu."

Nilidhani sikuelewa. Aliuona uso wangu akaweka mkate chini, akanieleza kwa upole kama alivyokuwa akieleza kila kitu.

"Ile ndege jana iliondoka chini au haikuondoka?"

"Iliinuliwa na winchi."

"Sikukuuliza na nani. Iliondoka chini?"

"Iliondoka."

"Basi kuruka kumeanza. Kitu kikianza ni nusu. Ni kanuni ya Injinia mwenyewe, na mkubwa alikuwepo akashuhudia." Akauchovya tena mkate. "Leo nitatia sahihi kwa niaba yake. Yeye anarudi kupumzika. Ubao uwe sawa na karatasi, ndiyo maana yake."

Hakuwa anatania, wala sidhani alijiona anadanganya, na hilo ndilo nilishindwa kulimeza siku ile na sijalimeza mpaka leo. Maziwa yalikuwa yameganda pembeni mwa mdomo wake. Nilichukua kopo la kijani nikalifungua kwa bisibisi, kwa mazoea. Nikaikoroga rangi. Nikaangalia herufi zangu nyeusi na kile kisanduku cheupe, kisha nikafunga kopo.

"Sitaki, mzee."

"Mgongo?"

"Mgongo uko mzima. Sitaki."

Mwaka ule wote sikuwa nimemwambia mtu mzima neno hilo. Nilikuwa nangoja anipige, au anipe tiketi na mimi. Alinitazama tu kwa huzuni, akavuta simu, akampigia Fang. Haikupita muda mrefu akaja kijana wa umri wangu kutoka kiwandani, mwenye ovaroli safi, na kiroli kidogo cha kupakia rangi, na utepe wa karatasi. Hakujua hata herufi moja ya maneno yaliyokuwa pale. Alipima kisanduku kwa futi, akatia alama katikati, akabandika utepe wake juu na chini, akapaka rangi mara moja tu, kwa mkono mwepesi ambao mimi sikuwa nao. Alipokuwa akingoja ikauke kidogo, Yustina alitoka chumbani amevaa kofia na begi begani, tiketi akaipita bila kuitazama, akaja kusimama karibu nami. Kijana akabandua utepe. Akarudi nyuma, akatutazama sisi wawili, akainua kidole gumba kuuliza.

Yustina alivaa miwani, akasogea mpaka pua yake ikakaribia ukuta, akaufuata ukingo wa ile kijani kwa macho kutoka mwanzo mpaka katikati, kwa makini yale yale aliyokuwa akikagulia kila kitu.

"Mwambie," akaniambia, "imenyooka."